Mirathi Isiyokwisha Kugawanywa: Utambulisho, Uenyeji na Urithi katika Riwaya za Abdulrazak Gurnah Zikitazamwa kutoka Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna bunilizi za mwandishi mhamiaji zinavyoshughulikia masuala ya utambulisho, uenyeji na urithi, na yanabainisha maana ya masuala hayo kwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe nchini Malawi. Data kuu zimetokana na usomaji wa kina wa riwaya mbili za Abdulrazak Gurnah: By the Sea (2001) na Paradise (1994), ambayo sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi (2022). Mfano wa Kanyama Chiume, mwandishi wa Malawi aliyeandika kwa Kiswahili akiwa mkimbizi nchini Tanzania, umetumika kuijaza picha. Hoja kuu ni kwamba urithi si mzigo ambao mhamiaji huubeba ukiwa kamili kutoka kwao. Urithi ni shauri lililo wazi baina ya warithi wengi, na shauri hilo haliwezi kusikilizwa bila lugha wanayoishiriki. Kwa msingi huo, makala yanapendekeza kwamba Kiswahili cha Dzaleka kitambuliwe kisera kuwa rasilimali ya Malawi yenyewe, na si lugha ya wageni wanaosubiri kuondoka.

1.0 Utangulizi

Neno urithi katika Kiswahili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa kisheria: nyumba, shamba, vito na madeni anayoyaacha marehemu, ambayo kadhi au mahakama huyagawa kwa warithi. Upande wa pili ni wa kiutamaduni: lugha, desturi, majina, masimulizi na kumbukumbu ambazo kizazi kimoja hukiachia kingine. Mijadala ya sera za utamaduni hupendelea upande wa pili na kuusahau wa kwanza. Matokeo yake ni kwamba urithi huzungumziwa kana kwamba ni kitu safi, kisicho na mgogoro, kinachohitaji tu kuhifadhiwa. Yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha mirathi anajua kwamba urithi hauko hivyo. Warithi huwa wengi, hati huwa na mashaka, madeni hujitokeza, na kila upande huja na simulizi yake.

Makala haya yanazirejesha pande hizo mbili pamoja, na yanafanya hivyo kwa msaada wa bunilizi za Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana wa miaka 18 katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya Januari 1964, na akaishi Uingereza, ambako alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, na kamati ya tuzo iliitaja hatima ya mkimbizi kuwa miongoni mwa mambo makuu ya kazi zake. Lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, na lugha ya maandishi yake ni Kiingereza. Kwa hiyo suala la nani mrithi wa nini limo tayari katika wasifu wake kabla hatujafungua ukurasa wowote.

Swali linaloongoza makala ni hili: riwaya za mhamiaji aliyetoka katika pwani ya Waswahili zinatusaidia kuona nini katika kambi iliyo katikati ya Malawi, ambako maelfu ya watu wanaishi kwa Kiswahili mbali na pwani hiyo? Ifahamike mapema kwamba riwaya haitumiki hapa kama ushahidi wa hali ya Dzaleka. Inatumika kama chombo cha kuulizia maswali ambayo nyaraka za kiutawala, kwa namna zilivyoundwa, haziyaulizi.

2.0 Muktadha: Dzaleka na Lilongwe

Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Katika utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina lenyewe hufasiriwa kutoka Kichewa kuwa ahadi ya mtu aliyetiwa adabu: sitarudia tena. Mwaka 1994 eneo hilo lilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Mwaka huohuo Banda aliondoka madarakani kwa kura, na mwaka huohuo mauaji ya kimbari yaliwafanya Wanyarwanda wengi waikimbie nchi yao. Tangu hapo kambi imewapokea watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao ndio wengi, pamoja na Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo inawahifadhi zaidi ya 50,000.

Malawi si ngeni katika kazi ya kupokea wakimbizi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliwahifadhi raia wa Msumbiji zaidi ya milioni moja. Hata hivyo, ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, hapo mwaka 1987, iliweka masharti kwamba baadhi ya ibara zichukuliwe kuwa mapendekezo tu na si wajibu wa kisheria. Miongoni mwake ni ibara ya 17 kuhusu kazi ya ajira, ya 22 kuhusu elimu ya umma, ya 26 kuhusu uhuru wa kutembea, na ya 34 kuhusu kurahisisha upatikanaji wa uraia. Sheria ya Wakimbizi ya 1989 ilifuata, na sera ya kuwataka wakimbizi waishi kambini ikawa ndiyo kanuni.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina upande mwingine ambao haujadiliwi vya kutosha: inampa mwenyeji wajibu. Ni yeye anayetakiwa kulitoa jembe. Kwa kulipokea, mgeni anavuka kutoka hali ya kuhudumiwa na kuingia katika hali ya kushiriki, na huo ndio mwanzo wa uenyeji. Masharti ya ibara za 17, 26 na 34, yakisomwa kwa pamoja, yanaizuia siku ya tatu isifike. Mtu anaweza kuzaliwa Dzaleka, akasoma, akaoa na akazaa hapohapo, na bado akahesabiwa kuwa yumo katika siku ya pili.

Kwa miaka mingi Lilongwe ilikuwa mahali pa kuipita kanuni hiyo kimyakimya. Wakimbizi wengi walifungua maduka na biashara ndogondogo jijini, wakajifunza Kichewa, na watoto wao wakaingia shule za huko. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaagiza wote wanaoishi nje ya kambi wawe wamerejea Dzaleka ifikapo tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei operesheni ya kuwakamata na kuwahamisha ikaanza. Kwa wenye maduka, hatua hiyo iligusa mtaji na riziki. Kwa wote, iligusa swali la kina zaidi: miaka iliyoishiwa mahali inahesabika kuwa nini?

Ndani ya kambi, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wa makundi mengi. Jambo hilo linadhihirika hata katika majina ya taasisi zilizoanzishwa hapo. Shirika la Tumaini Letu, lililoasisiwa na mshairi Trésor Nzengu Mpauni, mzaliwa wa Kongo anayejulikana kwa jina la kisanaa la Menes la Plume, limekuwa likiandaa Tamasha la Tumaini tangu 2014, na wakazi wa Lilongwe husafiri kwenda kambini kulihudhuria. Redio ya jamii inaitwa Yetu. Inafaa kutambua kwamba katika majina hayo mna vimilikishi: letu, yetu. Watu ambao sheria haiwatambui kuwa wamiliki wa chochote nchini wamechagua sarufi ya umiliki kuzitaja taasisi zao.

3.0 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi umeongozwa na mtazamo wa Stuart Hall, mhamiaji mwingine, aliyezaliwa Jamaika mwaka 1932 na kwenda Uingereza mwaka 1951. Hall anatofautisha namna mbili za kuuelewa utambulisho wa kitamaduni. Namna ya kwanza huuona kuwa kiini kimoja cha pamoja kilichofichika chini ya tofauti za juujuu, kikingoja kuchimbuliwa. Namna ya pili huuona kuwa mchakato: jambo ambalo watu wanaendelea kuwa, na si ambalo tayari wako. Makala yanaegemea namna ya pili, lakini yanaongeza sharti moja linalotokana na matini zenyewe. Mchakato huo unahitaji msikilizaji. Mtu hawezi kuendelea kuwa kitu fulani peke yake, mbele ya ukuta.

Methali ya mwacha asili ni mtumwa inaonekana kuunga mkono namna ya kwanza. Ila ikiulizwa kwa makini, asili inayozungumziwa ni ipi? Shaaban Robert, anayehesabiwa kuwa mhimili wa fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20, alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, katika ukoo wenye asili ya Wayao, watu ambao leo wametawanyika Malawi, Msumbiji na Tanzania. Je, kwa kuandika Kiswahili aliiacha asili yake, au aliipanua? Historia ya lugha yetu imejaa warithi wa namna hii, walioingia katika mirathi kwa kuitumikia na si kwa nasaba.

4.0 Jina na Hati: Utambulisho katika By the Sea

By the Sea inaanza na mzee anayewasili katika uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza. Jina lake ni Saleh Omar, lakini pasipoti yake inasema Rajab Shaaban Mahmud. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, na kwa hiyo anatamka maneno machache tu ya kuomba hifadhi. Afisa uhamiaji anayemhoji, Kevin Edelman, anapekua mzigo wake na kukuta kijisanduku cha udi wa thamani. Anakichukua.

Tukio hili lina mambo matatu yanayostahili kuzingatiwa. La kwanza ni udi. Katika mantiki ya afisa, ni kitu kisicho na nafasi katika fomu yoyote, hivyo kinaweza kuchukuliwa. Katika mantiki ya mzee, ni mabaki pekee ya biashara, safari, urafiki na usaliti wa miaka mingi. Ni mirathi yake yote iliyobaki, na harufu yake ndiyo kumbukumbu yake. La pili ni kwamba afisa mwenyewe ni mtoto wa wahamiaji kutoka Romania, lakini anaamini kwamba wazazi wake walistahili kuwapo Ulaya kwa namna ambayo mzee huyu hastahili. Gurnah anaonyesha kwamba mhamiaji wa jana si lazima awe rafiki wa mhamiaji wa leo. Uenyeji uliopatikana kwa shida mara nyingi hulindwa kwa kuwafungia wengine mlango.

La tatu ndilo linaloihusu Dzaleka kwa karibu zaidi: kimya. Kimya cha Saleh Omar kinasomwa na mfumo kuwa ukosefu wa lugha, na mfumo unaanza kutafuta mkalimani. Kwa kweli ana lugha zaidi ya moja. Anachokosa ni mahali ambapo kusema hakutamdhuru. Wahoji wa waombaji hifadhi hukutana na vimya vya namna hii kila siku, na huviandika kwa maneno kama kusitasita au kujikanganya.

Zaidi ya kimya, kuna suala la lahaja. Kiswahili kinachosikika Dzaleka kwa kiasi kikubwa ni cha mashariki na kusini mwa Kongo, chenye kanuni zake. Mfano mmoja unatosha. Katika Kiswahili hicho, kiambishi tamati -ka huonyesha jambo la mazoea, na ba- hutumika pale ambapo Kiswahili sanifu kina wa-. Msemaji akisema banakuyaka usiku, anamaanisha kwamba watu hao huja usiku mara kwa mara. Mkalimani aliyefunzwa Kiswahili sanifu pekee anaweza kuifasiri kauli hiyo kana kwamba inataja ujio mmoja. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo haidhuru. Katika mahojiano ya hifadhi, ni tofauti kati ya tukio moja la bahati mbaya na mateso ya mfululizo, na uamuzi wa maisha ya familia unaweza kuning'inia juu ya silabi moja. Haitoshi, basi, kuandika katika jalada kwamba mwombaji anazungumza Kiswahili na kwamba mkalimani wa Kiswahili amepatikana.

5.0 Nyumba Yenye Wadai Wawili

Kiini cha By the Sea si safari ya kwenda Uingereza. Ni kesi ya nyumba. Huko nyumbani, Rajab Shaaban Mahmud alipoteza nyumba yake kupitia hati iliyowekwa dhamana na mfanyabiashara aitwaye Hussein. Hati ikamfikia Saleh Omar, naye akaidai haki yake. Mtoto wa Rajab Shaaban, aitwaye Latif Mahmud, alikua akiamini kwamba Saleh Omar ni mnyang'anyi. Miaka mingi baadaye Latif ni mshairi na mhadhiri nchini Uingereza, na ndiye anayetafutwa kumsaidia mzee asiyejua Kiingereza. Anagundua kwamba mzee huyo amekuja kwa jina la baba yake.

Hapo Gurnah anakataa njia mbili rahisi. Hampi Latif kisasi, wala hampi Saleh Omar msamaha wa haraka. Anawaketisha wawili hao na kuwaacha wasimulie, kila mmoja akisahihisha, akipinga na kujaza simulizi ya mwenzake. Latif anajifunza kwamba aliyoyajua hayakuwa yote: kwamba Saleh Omar naye alinyang'anywa nyumba, akafungwa kwa miaka, na kwamba alipotoka mkewe na binti yake walikuwa wamekwisha kufa. Saleh Omar naye analazimika kusikia namna alivyoonekana siku mtoto Latif alipotumwa kwake kuomba kirejeshwe kipande kimoja tu cha samani, naye akakataa.

Hoja ya makala haya inasimama juu ya mazungumzo hayo. Nyumba imekwisha kwenda na haitarudi kwa yeyote kati yao. Kinachobaki kugawanywa ni simulizi yake, na kila mmoja anashikilia sehemu ambayo mwenziwe hana. Kwa maana hii urithi si kitu ambacho Latif anacho na Saleh Omar amekiiba, au kinyume chake. Ni shauri ambalo haliendeleiki mpaka wadai wote wawe katika chumba kimoja na lugha moja. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, kwamba anayezunguka mbele na nyuma ya chombo mwishowe hurudi katikati yake. Kwa wahusika wa Gurnah ngama haiko tena bandarini walikotoka. Iko popote anapopatikana mtu wa pili anayeijua nyumba ile.

Dzaleka ni mahali ambapo wadai wa namna hii wanaishi mlango kwa mlango. Wamo watu waliotoka pande zilizopingana za vita vya Maziwa Makuu. Wamo waliopitia kambi za Tanzania, kama Nyarugusu huko Kigoma, kabla ya kufika Malawi. Wamo waliozaliwa safarini. Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe au Kifuliiru humtambulisha msemaji mara tu anapofungua kinywa, na utambulisho huo unaweza kuleta hofu. Kiswahili kina sifa ya kuwa lugha ambayo hakuna upande mmoja unaoweza kuidai kuwa ni yake peke yake. Hilo halikifanyi kuwa lugha ya amani kwa asili yake. Wapiganaji nao huitumia. Linakifanya kuwa chumba ambacho shauri linaweza kusikilizwa. Sera inayokiona Kiswahili cha kambini kama njia ya kutolea matangazo ya mgao tu inakosa kuiona kazi hiyo.

6.0 Kutoka Rehani hadi Peponi: Njia ya Kiswahili kwenda Bara

Ikiwa By the Sea inaeleza namna shauri la urithi linavyosikilizwa, Paradise inaeleza deni lilivyoanza. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz ambaye amezoea kumwita ami. Anapofika pwani, kijana mwenzake Khalil anamsahihisha: huyu si ami yako, bali ni bwana wako. Yusuf amewekwa rehani kwa madeni ya baba yake. Riwaya nzima inaweza kusomwa kama maelezo ya neno hilo moja, ami, ambalo kwa Kiswahili hubeba kwa pamoja undugu na heshima, na ambalo kwa hiyo linaweza kufunika utumwa bila kubadili hata sauti.

Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi, ina umuhimu unaozidi ule wa kumrejesha mwandishi katika lugha yake. Kwa msomaji wa Kiingereza, neno la undugu linalotumika kwa bwana ni jambo geni linalohitaji kufafanuliwa. Kwa msomaji wa Kiswahili ni jambo analolifahamu mno, na ndiyo maana linachoma. Maneno ya ukoo ni sehemu ya urithi, na riwaya inamtaka msomaji aulize ni nani amekuwa akinufaika nayo.

Misafara ambayo Yusuf anasafiri nayo, kutoka pwani hadi ng'ambo ya ziwa kuu, ndiyo pia iliyokipeleka Kiswahili Tabora, Ujiji, Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19. Baadaye wamisionari, utawala wa kikoloni na migodi ya Katanga viliieneza lugha hiyo zaidi, hadi leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na katiba ya Kongo. Mkongo anayezungumza Kiswahili Dzaleka ni mrithi wa barabara hiyo. Lakini Malawi nayo iko juu ya barabara hiyohiyo. Nkhotakota, kwenye ukingo wa Ziwa Malawi, ilikuwa kituo cha biashara chini ya akina Jumbe tangu katikati ya karne ya 19. Huko Karonga, Mlozi alipigana na Waingereza mpaka alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1895. Kiswahili, kwa hiyo, hakikuingia Malawi mwaka 1994 pamoja na wakimbizi.

Urithi huo si wa kujivunia tu. Misafara iliuza pembe na nguo, na iliuza watu. Katika kumbukumbu za jamii nyingi za kando ya ziwa, mfanyabiashara Mswahili na mnyororo wa watumwa ni picha moja. Mshauri wa sera anayependekeza Kiswahili nchini Malawi kwa hoja ya udugu wa Kiafrika pekee anarudia kosa la neno ami: anafunika deni kwa neno la undugu. Riwaya ya Gurnah inafundisha njia iliyo bora zaidi, nayo ni kulifungua daftari la madeni na kulisoma kwa sauti.

7.0 Mkimbizi Aliyeandika kwa Kiswahili: Kanyama Chiume

Katika mirathi hii yumo mrithi ambaye husahaulika. Kanyama Chiume alizaliwa Usisya, wilaya ya Nkhata Bay, mwaka 1929, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Tanganyika. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za uhuru wa Nyasaland na akawa waziri katika serikali ya kwanza. Mgogoro wa baraza la mawaziri wa Septemba 1964 ulimtupa nje ya nchi, naye akaishi Tanzania kama mkimbizi wa kisiasa hadi mabadiliko ya miaka ya 1990 yalipomruhusu kurejea. Akiwa uhamishoni aliandika vitabu vya hadithi kwa Kiswahili, vikiwamo Dunia Ngumu na Mbutolwe Mwana wa Umma.

Umuhimu wa mfano huu ni wa pande mbili. Kwanza, unageuza mwelekeo wa ukimbizi. Kabla Malawi haijawa nchi ya kupokea Wakongo na Warundi, ilikuwa nchi iliyozalisha wakimbizi, na waliopewa hifadhi Dar es Salaam walipewa pia lugha ya kuandikia. Wakati Chiume akiandika huko, Dzaleka ilikuwa gereza la watu waliobaki. Legson Kayira, Mmalawi mwingine aliyeishi nje, aliushughulikia utawala huo kwa Kiingereza katika riwaya ya The Detainee (1974). Ardhi ambayo wakimbizi wa leo wamepewa ina shauri lake ambalo wenyeji wenyewe hawajalifunga.

Pili, Chiume anaonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili tayari ina sehemu iliyoandikwa na mkono wa Mmalawi. Kwa kipimo cha uraia, vitabu hivyo ni vya mkimbizi katika lugha ya watu wengine. Kwa kipimo cha urithi, ni mali ya Malawi iliyoko Tanzania, na mali ya Tanzania iliyotoka Malawi. Hakuna hati inayoweza kuigawa mali hiyo bila kuiharibu.

8.0 Athari kwa Sera

Mazingira ya kisera kwa sasa ni mazuri. Mkutano wa wakuu wa nchi za SADC uliofanyika Dar es Salaam mwezi Agosti 2019 ulikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwezi Novemba 2021. Na Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwezi Februari 2022. Malawi, ikiwa mwanachama wa SADC, inahitaji walimu, wakalimani na wafasiri. Mambo manne yanajitokeza kutokana na uchambuzi uliotangulia.

Kwanza, ukalimani katika mahojiano ya hifadhi, mahakamani na hospitalini unapaswa kuitambua lahaja. Orodha ya wakalimani ionyeshe kama mtu anakimudu Kiswahili cha Kongo, cha Burundi au cha Tanzania, na mafunzo yao yajumuishe tofauti za kisarufi zenye athari katika ushahidi.

Pili, shule. Shule za kambini hufuata mtaala wa Malawi, na Sheria ya Elimu ya 2013 inakitaja Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Mtoto wa Dzaleka hujifunza Kichewa uwanjani, Kiingereza darasani, na Kiswahili nyumbani bila kuandika hata sentensi yake moja. Kukiongeza Kiswahili kama somo hakumwondolei Kichewa, ambacho ni ufunguo wake wa uenyeji. Vilevile kunaweza kuwafaa watoto wa Kimalawi wanaosoma pamoja naye.

Tatu, kazi. Walimu wa Kiswahili ambao Malawi ingelazimika kuwaagiza kutoka mbali wapo Dowa, mwendo wa takribani saa moja kutoka Lilongwe. Kinachowazuia si uwezo bali ni masharti ya mkataba na kanuni ya kuishi kambini. Kulegeza masharti ya ibara ya 17 na ya 26, hata kwa kuanzia na taaluma chache za lugha, ndiko kutoa jembe kwa maana halisi ya methali.

Nne, maandishi. Peponi, pamoja na vitabu vya Chiume, vinafaa kuwekwa katika maktaba za Dzaleka na za vyuo vya Malawi, na visomwe kwa pamoja na wasomaji wa pande zote mbili. Hali kadhalika, hadithi, tamthilia na mashairi yanayotungwa kambini na kusikika katika Tamasha la Tumaini yahitaji kukusanywa na kuhifadhiwa kwa idhini ya watunzi, pamoja na lahaja zao. Msomi anayezisanifisha kazi hizo kabla ya kuzihifadhi anafanya alichokifanya Kevin Edelman: anakichukua kisanduku cha udi.

Inaweza kupingwa kwamba kukiimarisha Kiswahili kambini kutawatenga wakimbizi na Wamalawi. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama utambulisho ungekuwa chombo chenye ujazo maalumu, ambamo lugha moja ikiingia nyingine hutoka. Mifano iliyojadiliwa inaonyesha kinyume. Latif anaweza kumsikiliza Saleh Omar kwa sababu hakuipoteza lugha ya utotoni alipojifunza nyingine. Chiume hakupungukiwa Umalawi kwa kuandika Kiswahili. Kinachomtenga mtu ni kukatazwa kufanya kazi, kutembea na kuhesabiwa.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba bunilizi za Gurnah haziuchukulii urithi kama hazina iliyoachwa nyumbani, wala uenyeji kama cheti kinachotolewa mpakani. Yote mawili ni matokeo ya kusikilizana baina ya watu wanaodaiana. Mtazamo huo, ukipelekwa Dzaleka, unabadili namna ya kuuliza. Badala ya kuuliza wakimbizi hawa ni wa wapi, swali linakuwa ni shauri gani wanaloshiriki na wenyeji wao, na ni lugha gani itakayotumika kulisikiliza. Barabara za misafara, deni la utumwa, gereza la Banda, miaka ya Chiume uhamishoni na maduka yaliyofungwa Lilongwe mwaka 2023 ni mafungu ya mirathi moja. Warithi wake wako pande zote mbili za uzio, na wengi wao tayari wana lugha ya kuizungumzia. Jambo lililobaki kwa watafiti na washauri wa sera ni kuhakikisha kwamba wakati wa kikao cha mirathi hiyo, wale wanaoishi Dzaleka hawaitwi kama mashahidi tu, bali wanakaa kama wahusika wa shauri.